Rangi Inapofifia Ndipo Kiasi Kimezidi: Jinsi cAMP Inavyopimwa Maabara

Mgonjwa wa kipindupindu anapoharisha maji lita baada ya lita, sumu ya bakteria haikuutoboa utumbo wake. Ilichofanya ni kuamsha kimeng'enya kiitwacho adenili saiklezi ndani ya seli za ukuta wa utumbo na kukifanya kisitulie. Kimeng'enya hicho hutengeneza molekuli ndogo iitwayo saikliki AMP, kwa kifupi cAMP. Ikizidi, seli hutoa chumvi kuelekea ndani ya utumbo na maji huifuata. Katika kiasi cha kawaida, molekuli hiyohiyo hutufaa kila saa, kwa sababu homoni kama adrenalini hukomea kwenye utando wa nje wa seli, na ni cAMP inayoufikisha ujumbe wake ndani. Earl Sutherland wa Marekani na wenzake waliigundua katika miaka ya 1950 walipokuwa wakichunguza ini, na mwaka 1971 Sutherland akatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Wanafunzi wanaofika katika maabara yetu hapa Arusha huuliza mapema jinsi kitu kidogo namna hiyo kinavyoweza kupimwa, hasa wakisikia kwamba majibu huandikwa kwa pikomoli, yaani sehemu moja ya trilioni ya moli, kizio cha wanakemia cha kuhesabia molekuli. Swali ni la haki. Kipimo cha haraka cha malaria wanachokijua kutoka zahanati hutegemea kingamwili mbili, yaani protini za kinga zinazotambua na kushika kitu mahususi, zinazoibana protini ya kimelea, moja huku na nyingine kule, ndipo mstari ukatokea. Molekuli ya cAMP ina uzito wa daltoni (kizio cha uzito wa molekuli) 329 tu, ilhali kingamwili moja ina daltoni 150,000 hivi. Kingamwili ya kwanza ikishaishika, hapabaki nafasi ya ya pili.

Njia iliyobaki ni ya ushindani. Chukulia Coaster ya kwenda Moshi yenye viti vichache, inayogombewa na wanafunzi waliovaa sare pamoja na abiria wengine. Ukihesabu sare zilizopata viti, utajua abiria wasio na sare walikuwa wengi au wachache. Viti ni kingamwili, nazo huwekwa chache kwa makusudi. Sare ni cAMP ya maabara iliyounganishwa na kimeng'enya cha kuleta rangi, na abiria wengine ni cAMP ya sampuli. Wanasayansi wa Marekani Rosalyn Yalow na Solomon Berson ndio waliofungua njia hii walipopima insulini kwa alama ya mionzi. Tangu mwaka 1971, ilipozaliwa ELISA, yaani upimaji kwa kingamwili na kimeng'enya cha rangi, kimeng'enya kimeweza kushika nafasi ya mionzi, na kwa maabara za kwetu hiyo ni nafuu kubwa.

Kazi hufanyika katika sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Sakafu ya kila kishimo imepakwa kingamwili inayonasa kingamwili za sungura. Mtaalamu huweka sampuli, kisha cAMP yenye kimeng'enya, kisha kingamwili ya sungura inayoitambua cAMP, na sahani hutikiswa taratibu kwa saa mbili hivi. Baada ya hapo vishimo husafishwa mara kadhaa, na sahani hugongwa kifudifudi juu ya karatasi ya kufyonza mpaka isiache alama ya maji. Kimeng'enya kilichobaki hupewa kemikali kinayoigeuza kuwa ya manjano, na mashine hupima rangi hiyo kwa mwanga wa nanomita 405. Kishimo kisicho na cAMP ya sampuli hutoa manjano iliyokolea kuliko vyote, nacho huhesabiwa kuwa asilimia 100. Kadiri cAMP ya sampuli inavyoongezeka, ndivyo manjano inavyopungua.

Hapo ndipo pa kuangalia sana. Katika kipimo cha namna hii, kosa linaweza kuvaa sura ya jibu zuri. Pipeti ikikosa kutia cAMP yenye kimeng'enya katika kishimo kimoja, kishimo hicho hubaki cheupe, na kompyuta husoma kwamba sampuli imejaa cAMP kupita kiasi. Usafishaji ukiwa wa haraka haraka, kimeng'enya kisichoshikwa hubaki ndani, rangi hukolea, na sampuli huonekana maskini. Kwa sababu hiyo kila sampuli huwekwa katika vishimo viwili au vitatu, na vikipishana sana kazi hurudiwa. Kuchukua wastani wa vishimo viwili visivyopatana ni kujidanganya.

Rangi hugeuzwa kuwa kiasi kwa kulinganishwa na sampuli rejea ambazo kiasi chake kinajulikana. Mchoro wake si mstari ulionyooka: katikati huteremka vizuri, lakini huku na huku hulala, na penye ulalo tofauti ndogo ya rangi huleta tofauti kubwa ya kiasi. Sampuli iliyoangukia huko huzimuliwa na kupimwa upya. Sampuli rejea lazima ziwe kwenye sahani ileile. Mwezi Julai, katika mji huu ulio kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, chumba huwa na baridi asubuhi na kimeng'enya hufanya kazi polepole, kwa hiyo mchoro wa wiki iliyopita haufai kuazimwa.

Kingamwili nayo lazima ichague vizuri. Ndani ya seli kuna ATP, malighafi ya cAMP, ambayo huizidi kwa zaidi ya mara elfu. Kingamwili inayoidhania ATP kuwa cAMP kwa asilimia 0.1 tu ingeonyesha cAMP ya uongo sawa na ile ya kweli. Sampuli yenyewe haingoji pia, kwani vimeng'enya viitwavyo fosfodiesterezi huivunja cAMP mara tu inapotengenezwa. Ndiyo maana seli hupasuliwa kwa asidi ya hidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita, inayovizima papo hapo, na mara nyingi kabla ya hapo hutiwa kizuizi kiitwacho IBMX, ambacho ni ndugu wa kafeini iliyomo katika kahawa ya Kilimanjaro. Sampuli rejea nazo huzimuliwa kwa asidi ileile. Jibu la mwisho hugawanywa kwa kiasi cha protini, kwa kuwa chupa yenye seli nyingi itakuwa na cAMP nyingi hata kama seli zake zimetulia.

Mkulima au mfanyabiashara wa nafaka asidhani haya hayamhusu. Sumukuvu aina ya B1, yenye daltoni 312, ni ndogo kama cAMP na hupimwa kwa ushindani uleule. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwenye vipande vya kupimia mahindi, mstari wa kipimo ukifutika maana yake sumu imevuka kiwango, na mstari wa uhakiki ukikosekana kipande hicho hakina jibu lolote. Kikomo cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo. Kwa kuwa ukungu hukaa mahali na kupaacha pengine ndani ya gunia moja, bambo, chombo cha kuchotea nafaka ndani ya gunia, lichomwe juu, katikati na chini ya magunia mengi, mahindi yachanganywe na kusagwa pamoja, na unga wa kupima uchukuliwe kutoka humo.