tarfile ya Python: kukagua majina ya faili hakutoshi

Kwenye Python ya zamani, `extractall()` ya tarfile (moduli ya kufungua faili za tar, yaani mafurushi ya faili nyingi) huamini kila jina lililomo ndani ya faili la tar. Tuseme unafungulia `/srv/mizigo`, na ndani mna faili lenye jina `../../etc/cron.d/kazi`. Litapanda folda mbili na kutua `/etc/cron.d`, folda ya kazi ambazo mfumo huziendesha wenyewe kwa ratiba, ilimradi programu yako ina ruhusa ya kuandika huko. Mwanya huu uliripotiwa 2007, ukapewa namba CVE-2007-4559 (CVE ni orodha ya mianya ya usalama inayojulikana), na kwa miaka mingi dawa yake ikawa onyo tu kwenye nyaraka.

Wengi walijitengenezea ukaguzi wa `startswith("/srv/mizigo")`. Haufai: `/srv/mizigo-siri` nayo inaanza hivyohivyo, kwa hiyo `../mizigo-siri/funguo` inapita. `os.path.commonprefix`, inayotafuta mwanzo unaofanana wa njia mbili, ina ugonjwa uleule, maana inalinganisha herufi, si folda.

Hata ukirekebisha hilo, simlinki (viungo vinavyoelekeza kwenye faili au folda nyingine) zinakusubiri. Mshambuliaji anatanguliza kiungo kiitwacho `picha` kinachoelekeza `/etc`, halafu faili `picha/cron.d/kazi`. Soma majina hayo mawili: hayana `..` wala mkwaju wa mwanzo. Ukikagua orodha nzima kabla ya kufungua, `realpath`, inayofuata viungo hadi njia halisi, nayo haioni kitu kwa sababu kiungo bado hakipo diskini. Kikishaandikwa, faili la pili linakifuata hadi `/etc`.

Andika hivi:

`tar.extractall(lengo, filter="data")`

`lengo` ni folda unayofungulia. Kichujio hiki cha `data` kilikuja na Python 3.12, kikarudishwa pia kwenye 3.11.4, 3.10.12, 3.9.17 na 3.8.17. Kuanzia 3.14 ndicho chaguo-msingi. Kinakataa njia na viungo vinavyotoka nje ya lengo, pamoja na faili za vifaa. Kikikataa, kinarusha kosa na kazi inakatikia katikati, lakini faili zilizotangulia zinabaki diskini. Basi fungulia kwenye folda ya muda, uihamishe mambo yakiisha salama. Tar ndogo inayofumuka kuwa gigabaiti mia kichujio hakiizuii. Ukubwa upimie mwenyewe.

Nacho kiliwahi kutobolewa: CVE-2025-4517 ilitumia njia ndefu kupita kikomo cha mfumo ili kuipotosha `realpath`. Marekebisho yamo kwenye 3.13.4, 3.12.11, 3.11.13, 3.10.18 na 3.9.23. `hasattr(tarfile, "data_filter")` itakwambia kama kichujio kipo, lakini haitakwambia kama mwanya huo umeshazibwa. Kwa hilo, angalia `python3 --version`.