Muulize amelipataje

Kila Januari, kabla sijagusa mada yoyote ya darasa la saba, naandika ubaoni 12 − 5 + 3. Nawaomba watoto wasitamke jibu, waliandike kwenye kipande cha karatasi waniletee mezani. Karatasi hugawanyika mafungu mawili: la 10 na la 4. Fungu la 4 halijawahi kuwa dogo.

Waliopata 4 si wavivu. Mara nyingi ndio wanaoijua MAGAZIJUTO vizuri kuliko wenzao. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa: wameikariri hivyo, na katika mpangilio huo kujumlisha kumetangulia kutoa. Basi wanajumlisha 5 na 3, wanapata 8, wanaitoa kwenye 12. Hawakuambiwa kwamba kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, na vikikutana unaanza na kilichotangulia upande wa kushoto. Mtoto huyo mpe mitihani 20 ya miaka iliyopita, atalikosa swali hilo mara 20, na kila mara atazidi kuliamini jibu lake.

Ndiyo maana mzazi anaponiuliza anunue kitabu gani cha maswali, namwomba kwanza aniletee daftari la mtoto lenye mikasi, yaani alama za kukosa. Maandalizi ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi yanaanzia kwenye jibu lililokosewa.

Maswali ya kuchagua hayatungwi ovyo. Kila swali lina shina, yaani maelezo ya swali lenyewe, lina jibu sahihi, na majibu yaliyobaki huitwa vipotoshi. Mtungaji makini haweki namba yoyote tu ili kujaza nafasi. Kila kipotoshi ni njia ambayo mtoto halisi angeweza kuipita akapotea. Chukua theluthi moja jumlisha robo. Jibu ni 7/12. Lakini hutakosa kuikuta 2/7 pale, ikimsubiri anayejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili bila kutafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika). Ukiona mwanafunzi amechagua 2/7 umeshajua nini cha kumfundisha kesho. Ukiishia kuweka mkasi na kuandika 31/50 juu ya karatasi, umeitupa habari hiyo.

Kuna kipotoshi kimoja ambacho ni cha kwetu kabisa. Basi liliondoka saa 11:30 alfajiri, likafika saa 3:15 asubuhi. Lilitumia muda gani? Watoto wengi hutoa namba ndogo kwenye kubwa na kupata saa 8 na dakika 15. Saa zetu zinaanza kuhesabiwa upya asubuhi, saa 12 ikishapita, na hapo ndipo wanapojikwaa. Mimi huwachorea mstari: kutoka 11:30 hadi 12:00 ni dakika 30, kutoka 12:00 hadi 3:15 ni saa 3 na dakika 15, jumla saa 3 na dakika 45. Halafu nawauliza, kama basi lingetumia saa nane na zaidi, lingefika mchana au asubuhi? Wanacheka wenyewe. Mtoto aliyeuona upuuzi wa jibu kwa macho yake hatalichagua tena.

Walimu wenzangu, Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na zinapatikana bure kwenye tovuti yake. Zinaonyesha asilimia ya waliochagua kila herufi, na zinaeleza kwa nini kipotoshi fulani kiliwavuta wengi. Mimi huzithamini kuliko mkusanyiko wowote wa maswali na majibu. Zisomeni pamoja kwenye vikao vya somo, hasa mnapotunga mitihani ya ujirani mwema, ile mnayoifanya pamoja na shule za jirani, ili vipotoshi vyenu navyo vipime kitu.

Sasa fomu. Tangu 2012 majibu ya kuchagua ya darasa la saba husahihishwa kwa mashine, na mtoto huweka kivuli kwenye herufi kwa penseli ya HB katika fomu ya OMR, yaani fomu inayosomwa na mashine. Nimeshuhudia kwenye majaribio yetu mwanafunzi hodari akianguka kwa sababu ya mstari mmoja. Aliruka swali la 17 akisema atalirudia, kisha jibu la 18 akalitia kivuli kwenye mstari wa 17, na kuanzia hapo kila jibu likakaa mahali pa jirani yake. Hesabu alizijua zote. Siku hizi nawafundisha kusimama kila wanapofika la 10, 20, 30 na 40, kidole kimoja kwenye swali, kingine kwenye fomu, wahakikishe namba zinalingana. Kama shule haina fomu za mazoezi, chora safu za A hadi E kwenye karatasi ya kawaida. Na wafundishe kufuta: kivuli cha zamani kikibaki hafifu, mashine inaweza kuona majibu mawili.

Kubahatisha nako tukuzungumze wazi. Jibu lililokosewa halipunguzi alama, hivyo swali lisiachwe tupu. Lakini anayebahatisha yote 40 yenye herufi tano atapata, kwa wastani, 8. Faida inapatikana kwa kuondoa: ukijua herufi tatu haziwezekani, umebakiwa na mbili tu. Hilo ni zoezi la darasani, na watoto hulipenda. Pia watoto wayapigie mstari maneno kama *si* na *isipokuwa*. Alama nyingi hupotea kwa mtoto aliyejibu swali ambalo hakuulizwa.

Jambo moja linaniuma: kambi za usiku. Mtoto wa miaka 13 anayehesabu sehemu saa 4 usiku, macho yamejaa usingizi, hajifunzi chochote ambacho angeshindwa kujifunza saa 2 asubuhi baada ya kikombe cha uji. Heri nguvu hizo ziende kwenye kumzoesha sura ngeni. Siku ya mtihani wasimamizi huwa wageni kutoka nje ya shule, na watoto wengine hushtuka. Sisi hubadilishana walimu na shule ya jirani kwenye majaribio, wanakuja kusimamia kwetu, tunakwenda kwao.

Kila mwanafunzi wangu ana daftari la makosa lenye safu tatu: nilichojibu, nilivyofikiri, nilipopotea. Safu ya katikati ndiyo ngumu, na siiandiki mimi. Mwanzoni huandika "nilikosea" tu. Nawarudishia. Huchukua kama miezi miwili hadi mtoto aanze kuiona fikra yake mwenyewe. Wiki ya mwisho sifundishi mada mpya. Kila mmoja anakaa na daftari lake, na mimi napita kati ya madawati nikisoma. Mwaka jana binti mmoja wa dawati la nyuma alikuwa ameandika kwenye safu ya katikati: "Nilidhani saa 3 inakuja kabla ya saa 11 kwa sababu 3 ni ndogo. Nilisahau kwamba usiku uliisha."