Baisani mtoni: mamba hayupo, lakini bado wanazama

Mtu aliyezoea video za nyumbu wakivuka Mara, ukimwonyesha kundi la baisani (bison), wanyama wakubwa wa jamii ya ng'ombe, likiingia Mto Lamar kule Hifadhi ya Yellowstone, Marekani, swali lake la kwanza ni: mamba wako wapi? Hawapo. Maji yale ni theluji iliyoyeyuka, mamba asingeyaweza. Hata huku kwetu mamba anasingiziwa. Watafiti waliohesabu mizoga ya Mara walikuta kwamba nyumbu wapatao 6,250 huzama kila mwaka kwa wastani, na mamba hula sehemu ndogo tu ya nyama hiyo.

Halafu kuna jina. Wamarekani wenyewe humwita baisani "buffalo", yaani nyati, nasi tunafuata. Nyati wetu ni mnyama mwingine kabisa. Baisani, mwenye nundu na manyoya mazito kichwani na mabegani, ana undugu wa karibu zaidi na ng'ombe.

Dhana ninayokutana nayo mara nyingi ni kwamba mnyama mzito hivyo hawezi kuogelea. Dume hufikia kilo 900, kwa hiyo mtu anadhani atadidimia kama jiwe. La hasha. Baisani huelea vizuri, kichwa na nundu juu ya maji, na huvuka mito mipana bila wasiwasi. Wala msafara hauongozwi na dume kubwa kama wengi wanavyodhani. Kwa sehemu kubwa ya mwaka madume hukaa peke yao au katika vikundi vidogo, na majike wenye umri ndio wanaoamua kundi liende wapi.

Sasa, kama wanajua kuogelea, kwa nini wanazama? Juni 1805 mpelelezi Mmarekani Meriwether Lewis alikuwa kwenye maporomoko makubwa ya Mto Missouri, akaandika alichokiona. Makundi yalishuka kunywa maji kwa njia nyembamba kati ya magenge. Wa nyuma waliwasukuma wa mbele mpaka penye kina, mkondo ukawabeba hadi kwenye maporomoko. Kwa dakika chache aliona kama kumi au kumi na wawili wakipotea hivyo. Wa mbele ameshaona hatari, lakini wa nyuma haoni kitu ila mgongo wa mwenzake.

Jambo la pili ni barafu. Uzito ule ambao majini si kitu, juu ya barafu nyembamba ndio unaoua. Mwaka 1801, barafu ya Mto Red ilipovunjika, mfanyabiashara wa ngozi Alexander Henry aliandika kwamba mizoga ilipita katikati ya mto, mfululizo, siku mbili usiku na mchana. Hata hivyo, mito haikuwamaliza baisani. Bunduki ndizo zilizowamaliza, mpaka mwaka 1902 Yellowstone ikabaki na kama dazeni mbili tu. Leo wako maelfu.

Imani inayonisumbua zaidi ni ile ya huruma: ukimwona ndama anahangaika mtoni, msaidie. Ndama huzaliwa zaidi Aprili na Mei, theluji inapoanza kuyeyuka na mito kujaa, kwa hiyo wapo wanaoachwa nyuma kundi linapovuka. Mei 2023 hilo lilitokea Mto Lamar. Mgeni mmoja akamsukuma ndama kutoka mtoni hadi barabarani. Wahifadhi walijaribu mara kadhaa kumrudisha kundini, kundi likamkataa. Akawa anayafuata magari na watu, na mwishowe ikabidi auawe.

Watu walikasirika: kwa nini hakupelekwa kulelewa mahali pengine? Baisani wa Yellowstone wana brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba unaoogopwa na wafugaji, na sheria hairuhusu kuwahamisha ovyo. Karantini ipo, ila ndama mchanga asiyeweza kujitunza haimfai. Nao wanaouliza kwa nini mzoga wa baisani uachwe uoze wanasahau jambo: dubu, mbwamwitu na kunguru hawauachi uoze. Baisani aliyezama wakati wa baridi huweza kuwa karamu ya dubu anayetoka usingizini masika, tumbo tupu.

Kanuni ya hifadhi ni kukaa mita 23 kutoka kwa baisani. Kanuni hiyo inamhusu hata ndama aliye majini.