Mtafiti wa Maji na Tabianchi: Anachopima, Anachokokotoa na Njia ya Kuifikia Kazi Hii

Nchini Tanzania, kabla Bodi ya Maji ya Bonde haijatoa kibali cha kuchota maji mtoni, iwe kwa skimu ya umwagiliaji, kiwanda au mamlaka ya maji ya mji, kuna swali ambalo lazima lijibiwe kwa tarakimu: kiangazi kikiwa kikali, mto huu una maji kiasi gani ya kugawa? Anayelijibu ni mtafiti wa maji na tabianchi. Vijana wengi wanaomaliza kidato cha sita hawaijui kazi hii, na wanaoisikia hudhani ni ya kukaa mbele ya kompyuta na kutabiri mvua. Kompyuta ipo, lakini kazi inaanzia ukingoni mwa mto, na makosa makubwa kwenye mipango ya maji mara nyingi huanzia hapo hapo.

Kituo cha kupima mto huwa na ubao wenye alama za sentimita uliosimikwa majini. Msoma vipimo, kwa kawaida mkazi wa kijiji jirani, huandika kina asubuhi na jioni. Kina peke yake hakisemi maji ni mengi kiasi gani, kwa hiyo mara kadhaa kwa mwaka timu hufika kupima wingi wenyewe. Kamba yenye alama huvutwa kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na upana wa mto hugawanywa vipande 20 au zaidi, ili kusiwe na kipande kinachobeba zaidi ya asilimia 10 ya maji yote. Kila kipande hupimwa kina, kisha mita ya kasi hushushwa. Penye kina kisichozidi sentimita 75 hivi, kasi husomwa mara moja, kwenye asilimia 60 ya kina kutoka juu. Penye kina zaidi husomwa mara mbili, kwenye asilimia 20 na 80, na wastani wake ndio unaotumika. Rafadha ya mita (pangaboi lake dogo linalozungushwa na maji) iachwe izunguke walau sekunde 40, kwa sababu maji ya mto hayaendi kwa mwendo mmoja. Kipande chenye upana wa mita 1.5, kina cha mita 0.8 na kasi ya mita 0.5 kwa sekunde kinapitisha mita za ujazo 0.6 kwa sekunde. Jumlisha vipande vyote, umepata wingi wa maji wa siku hiyo kwa kina kile.

Vipimo vya namna hiyo vikikusanywa kwa vina mbalimbali, huchorwa mstari unaooanisha kina na wingi, na kuanzia hapo kila somo la ubaoni hugeuzwa kuwa mita za ujazo. Tatizo ni kwamba timu nyingi hufika mtoni kiangazi, barabara zikipitika. Sehemu ya juu ya mstari, ile ya mafuriko, inabaki ya kukisia. Halafu mhandisi anayesanifu daraja au utoro wa bwawa (njia ya kutolea maji yaliyozidi) anaichukua kana kwamba ilipimwa. Mtafiti mwaminifu huandika wazi ni kina gani cha juu kabisa kilichowahi kupimwa, na mstari wa kutoka hapo kwenda juu huuchora kwa nukta.

Mambo mengine yanayoharibu takwimu ni madogo kwa sura. Mafuriko yakiuzoa ubao na mpya ukasimikwa sentimita 15 chini ya ule wa kwanza, mto utaonekana umeongezeka maji kwa miaka yote inayofuata. Siku ambayo msoma vipimo aliugua, mtu ofisini akiandika 0 badala ya kuacha pengo, mto umekaushwa kwenye karatasi. Namba za kubuni nazo hujulikana: karibu zote huishia na 0 au 5, na hazipandi hata baada ya mvua ya milimita 60. Kwenye mvua, mti uliopandwa karibu na kipimamvua miaka kumi iliyopita sasa unakinga matone. Kanuni ni kipimamvua kiwe mbali na kizuizi chochote kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho. Ili kugundua dosari kama hizi, limbikiza mvua ya kituo chako mwaka hadi mwaka na uilinganishe na limbikizo la vituo jirani. Mstari ukipinda ghafla mwaka fulani, tafuta daftari la kituo ujue nini kilibadilika kabla hujatangaza mabadiliko ya tabianchi.

Takwimu zikishasafishwa, ndipo swali la kibali linajibika. Chukua mfano huu. Una miaka 20 ya vipimo vya Septemba, yaani siku 600. Zipange kutoka wingi mkubwa hadi mdogo, kisha soma ya 480. Hicho ndicho kiasi kinachopatikana au kuzidi kwa asilimia 80 ya siku za mwezi huo. Tuseme ni mita za ujazo 2.4 kwa sekunde. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 ya Tanzania inatanguliza matumizi ya majumbani, ikifuatiwa na mazingira, ndipo shughuli za uchumi. Mji unaotegemea mto huu, wenye watu 1,000,000 wanaotumia lita 80 kila mmoja, unahitaji mita za ujazo 80,000 kwa siku. Kama asilimia 35 ya maji yanavuja njiani, mji lazima uchote takriban 123,000, sawa na mita za ujazo 1.42 kwa sekunde. Tuseme wataalamu wa mazingira wametaka 0.9 zibaki mtoni. Kinachosalia ni 0.08. Mwombaji mwenye hekta 500 za mpunga, kwa lita 1.5 kwa sekunde kwa hekta, anahitaji 0.75. Septemba hapati. Masika anaweza kupata bila kumdhuru yeyote, na hapo ndipo penye thamani ya kukokotoa mwezi kwa mwezi badala ya wastani wa mwaka, ambao huwa unadanganya. Hesabu hii inaonesha jambo jingine pia: mji ukipunguza uvujaji hadi asilimia 20, mita za ujazo 0.27 kwa sekunde zinaachwa mtoni, zinazotosha hekta 170 na ushee.

Mto Ruaha Mkuu unafundisha vizuri zaidi kuliko mfano wowote wa kubuni. Tangu mwaka 1993 mto huu, uliozoea kutiririka mwaka mzima, ulianza kukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Miaka hiyo hiyo umeme wa mabwawa ya Mtera na Kidatu, yaliyo chini zaidi kwenye mto huo, nao ulikuwa unapungua, na ikawa rahisi kuunganisha mambo mawili na kuwabebesha lawama wakulima na wafugaji wa Usangu, tambarare iliyo juu ya hifadhi, kwa yote. Tafiti zilizofuata ziliyatenganisha kwa kuangalia msimu. Kukauka kwa mto hifadhini kulitokana hasa na maji yanayochepushwa mashambani wakati wa kiangazi, hivyo bwawa la asili la Ihefu halipati ya kutosha kumwaga chini. Lakini bwawa la Mtera hujazwa na maji ya msimu wa mvua. Maji ya kiangazi ni sehemu ndogo sana ya kinachoingia humo, na upungufu wa umeme ulihusu zaidi mvua na namna mabwawa yalivyoendeshwa. Ni mto mmoja, ila matatizo ni mawili na tiba zake hazifanani. Bila vipimo vya kila siku, tofauti hiyo isingeonekana.

Upande wa tabianchi, jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba mto hupungua kuliko mvua. Bonde likipata milimita 900 kwa mwaka, na 780 zikanywewa na mimea na kuchukuliwa na jua, zinazofika mtoni ni 120. Mvua ikipungua kwa asilimia 5 tu, yaani milimita 45, na mimea ikaendelea kunywa ile ile, mto unabaki na 75: umepoteza zaidi ya theluthi moja. Kwa uhalisia mimea nayo hunywa kidogo zaidi udongo ukikauka, kwa hiyo hasara si kali kiasi hicho, ila mwelekeo ni huo.

Jambo la pili ni unyenyekevu mbele ya modeli, yaani programu za kompyuta zinazoiga tabianchi. Modeli nyingi za dunia huonesha mvua ikiongezeka Afrika Mashariki, ilhali vipimo vya masika vya tangu miaka ya 1980 hadi ya 2010 vilionesha ikipungua sehemu nyingi. Mraba mmoja wa modeli hizo huwa na upana wa kilomita 100 au zaidi. Milima ya Uluguru, inayolisha Mto Ruvu na kwa hiyo Dar es Salaam, inaweza isionekane kabisa. Hivyo hatuchukui modeli moja. Tunachukua kundi, tunairekebisha kila moja kwa vipimo vya kituo, kisha tunaangalia mpango unaopendekezwa unahimili matokeo mangapi kati ya yote. Wala usipange kwa ukame peke yake: mwaka 2020 Ziwa Victoria lilijaa hadi kuvuka kiwango cha 1964, mialo na nyumba za kando ya ziwa zikazama Tanzania, Kenya na Uganda.

Ripoti nzuri ya mtafiti huanza na ukurasa mmoja unaosema kiasi cha kugawa kila mwezi, uhakika wake ni asilimia ngapi, na nini kifanyike kikikosekana, nani afunge lango lake kwanza. Ukurasa huo usipokuwepo, kurasa nyingine 200 hazisomwi na aliye na madaraka ya kuamua.

Kwa anayetaka kuingia kwenye fani hii, hisabati, fizikia na jiografia ndizo nguzo. Chuo cha Maji kilichopo Ubungo hufundisha haidrolojia, yaani elimu ya mwenendo wa maji, Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa Kigoma huandaa watumishi wa hali ya hewa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina uhandisi wa rasilimali za maji na sayansi ya hali ya hewa, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kina uhandisi wa umwagiliaji, na Taasisi ya Nelson Mandela Arusha hupokea wa uzamili na uzamivu. Waajiri ni bodi tisa za mabonde, Wizara ya Maji, Mamlaka ya Hali ya Hewa, mamlaka za maji mijini, kampuni za ushauri na miradi ya utafiti. Ustadi unaotafutwa sana ni QGIS, programu ya kuchora ramani, pamoja na R au Python, lugha za kuandikia programu za kompyuta.

Usisubiri ajira ndipo ujifunze. Mvua ya kila siku iliyokadiriwa kwa satelaiti, CHIRPS, inapatikana bure mtandaoni kuanzia mwaka 1981, kwa miraba ya kilomita 5 hivi. Chagua wilaya unayoijua, chora masika na vuli za miaka yote hiyo, kisha omba takwimu za kituo cha karibu uzilinganishe. Miaka ambayo hazikubaliani ndiyo ya kuchimba zaidi. Eleza kwa aya mbili unadhani ni kwa nini, na uende na karatasi hiyo kwenye usaili.