Ununue laptopu sa hivi au usubiri? Anza na hiyo uliyonayo

"Fundi, ninunue sa hivi au nisubiri zile mpya zitoke?"

Hili swali naulizwa karibu kila siku, na mara nyingi anayeuliza ameshakesha anasoma habari za chipu zijazo lakini hajawahi kukaa na laptopu yake dakika kumi akaangalia ni nini hasa kinachoielemea. Mi kazi yangu ni kutengeneza laptopu, nimezifungua nyingi sana, na kila nikiulizwa hivi huwa najibu kwa swali: hiyo uliyonayo inaumwa nini? Maana kuna mtu anataka kununua mpya wakati yake inahitaji kifaa kimoja tu, na kuna mwingine anasubiri wakati yake iko njiani kuzima moja kwa moja.

Kama unatumia Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, halafu nenda sehemu ya utendaji (Performance) uiache wazi huku ukifanya kazi zako za kawaida, usiifanyie majaribio ya ajabu, fanya kile unachofanya kila siku. Angalia nani kati ya diski, memori na prosesa anafika asilimia 100 wa kwanza. Kama ni diski, na diski yenyewe ni ile hadi diski (HDD) ya zamani, basi ugonjwa umeshauona. Hadi diski ni sahani inayozunguka na kimkono kinachohangaika juu yake kutafuta data, kila safari inakula kama milisekunde 10 hivi, na Windows ikiwaka inapiga safari hizo maelfu kwa maelfu. SSD, yaani ile diski ya kisasa, haina kimkono wala sahani, inafika kwenye data kwa sehemu ndogo sana ya muda huo. Nimeshaweka SSD kwenye laptopu ambayo mwenyewe alishaikatia tamaa, akaja kuichukua akaniuliza kama nimembadilishia mashine nzima.

Kama kinachojaa ni memori, yaani umefungua kurasa kadhaa kwenye brauza na RAM imefika asilimia 90, hapo kompyuta inaanza kuhamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha, ndiyo ile kustaki unayoiona ukitoka programu moja kwenda nyingine. Angalia kama ina sloti ya kuongezea. Nyingi za zamani kidogo zinayo, ila nyembamba nyingi za miaka ya karibuni RAM imechomelewa kwenye madabodi, na nyingine kama MacBook zenye chipu za Apple au zile za Intel za Lunar Lake memori imefungwa pamoja na chipu yenyewe, hapo hakuna fundi wa kukuongezea.

Prosesa ikiwa ndiyo inayogonga 100, usiihukumu kabla hujashika upande wa chini wa laptopu. Ikiwa ya moto na feni inapiga kelele muda wote, huenda vumbi limeziba njia ya hewa na ile pesti ya kupooza juu ya chipu imekauka, kwa hiyo prosesa inajipunguza kasi yenyewe isiungue. Isafishwe, ipakwe pesti mpya, halafu ndo upime tena. Ikiwa imepoa, ni safi, na bado prosesa inazidiwa na kazi zako za kawaida, basi kweli umeizidi hiyo mashine, hakuna kifaa cha kuongeza kitakachokuokoa.

Kuna dalili ambazo sitaki kabisa kusikia mtu anasema anasubiri. Betri iliyovimba ni ya kwanza, utaona tachipedi inainuka au mfuniko wa chini haukai sawa, hiyo zima, usiichaji tena, peleka ikatolewe, lithiamu ikishika moto haizimiki kirahisi. Ya pili ni hadi diski inayogonga kak kak kak. Ya tatu bawaba iliyoachia upande mmoja, maana kila ukifungua inavuta waya wa skrini, na siku moja utabaki na skrini nyeusi.

Niliwahi kuwa na mteja, mwanafunzi wa uzamili, alikuwa anaandika tasnifu yake kwenye laptopu yenye diski inayogonga. Nikamwambia dada hii inakufa, akasema anajua, ila kuna modeli anaisubiri, imebaki miezi miwili tu. Modeli ikachelewa, na ilipotoka akasema asubiri ishuke bei. Mwezi wa tano wa kusubiri diski ikagoma kabisa na nakala yake ya mwisho ya tasnifu ilikuwa ya wiki sita nyuma. Siku hiyohiyo akanunua laptopu ya kwanza aliyoikuta, skrini mbovu na RAM ndogo, kwa sababu alikuwa na siku chache za kuwasilisha kazi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba miezi yote ile ya kusubiri haikumpa hata ile nafasi ya kuchagua, alinunua kwa hofu. Tangu hapo nikiona mtu anasubiri na mashine mahututi namwambia bila kumung'unya maneno.

Na hata kama haiko mahututi, kusubiri kuna gharama yake, ni vile tu hailipwi dukani. Chukua laptopu inayokuibia nusu saa kwa siku, kuwaka, kuganda, kuanza upya, kwa siku tano za kazi hayo ni masaa mawili na nusu kwa wiki, na ukisubiri nusu mwaka yamefika 65. Hayo ni masaa ya kazi zaidi ya wiki nzima umeyatumia kuangalia kiduara kinazunguka.

Sasa kuna wakati kusubiri kunalipa kweli, na kanuni yangu ni hii, kitu unachokisubiri kiwe na jina na kiwe na tarehe. Mfano mzuri ni MacBook Air. Machi 2020 ilitoka yenye prosesa ya Intel. Juni mwaka huohuo Apple wakatangaza hadharani kwamba wanaachana na Intel na mashine za kwanza zenye chipu zao zitatoka kabla mwaka haujaisha, na Novemba ikatoka Air yenye chipu yao ya M1, haina feni, haichemki, betri inakaa siku nzima. Aliyenunua ile ya Machi hakuwa na namna ya kujua, lakini aliyenunua Septemba taarifa ilikuwepo kabisa. Leo ile Air ya Intel haipokei hata macOS Tahoe iliyotoka 2025, wakati M1 inaipokea. Miezi miwili ya subira hapo ilikuwa na thamani ya miaka.

Linganisha na mtu anayesema "nasikia mwakani zitakuwa nzuri zaidi". Mwakani zitakuwa nzuri zaidi kila mwaka, hiyo haina mwisho. Watengenezaji wanaonyesha chipu mpya Januari kwenye maonyesho ya CES kule Las Vegas, halafu tena mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni kule Taipei kwenye Computex, na kutoka kutangazwa mpaka laptopu kukufikia mkononi inaweza kuchukua wiki kadhaa au miezi. Kwa hiyo wakati wowote utakaouliza, kuna kitu kipya kiko njiani. Kama tangazo liko wiki tatu mbele na yako bado inapumua vizuri, subiri, hata usipoitaka mpya ile ya zamani mara nyingi inapunguzwa bei. Ikiwa ni zaidi ya miezi mitatu na kazi zako zinakwama, mi nakwambia nunua.

Ila hili la bei kushuka inabidi niliongelee vizuri, kwa sababu kwa miaka mingi mafundi tulikuwa tunawaambia watu subiri, vifaa vya kompyuta vinashuka bei tu, na tulikuwa sahihi. Tangu mwishoni mwa 2025 ushauri huo umegeuka kwenye RAM. Memori ya dunia nzima inatoka kwa kampuni chache mno, kubwa ni tatu, Samsung, SK Hynix na Micron, na hizo zimehamishia nguvu nyingi kwenye memori za data senta za akili bandia kwa sababu huko ndiko kuna hela. RAM zetu za kawaida zikapungua na bei ikapanda kwa kasi, na Desemba 2025 Micron wakatangaza kwamba wanaacha kabisa kuuza bidhaa za Crucial kwa watumiaji wa kawaida, jina ambalo sisi mafundi tumeliweka kwenye laptopu za watu miaka na miaka. Kiwanda cha memori hakijengwi kwa miezi, ni miaka. Kwa hiyo ukiniambia unasubiri RAM ishuke kwanza, sina tarehe ya kukupa, na kwa ile kanuni yangu, kitu kisicho na tarehe hakisubiriwi. Kitu kingine ni kwamba siku hizi ule mpango wa "nanunua yenye GB 8 halafu nitaongeza baadaye" siupendi tena. Nunua yenye 16 kutoka mwanzo, hasa kama RAM imechomelewa.

Kingine kinachoweza kukuamulia ni Windows 10. Apdeti zake za bure za usalama ziliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa watumiaji binafsi kuna nyongeza ya mwaka mmoja ya kujiandikisha inayokwisha Oktoba 2026. Windows 11 inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama ndani ya mashine, na kwa prosesa za Intel kwa ujumla ni kuanzia kizazi cha 8. Kama yako ni kizazi cha 6 au 7, hata iwe inakimbia vipi, kirasmi kwa kawaida haivuki kwenda Windows 11. Ukiwa unaingia benki au unashika nyaraka za watu kwenye mashine hiyo, usiiache ikae bila apdeti, ama uiweke Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, ambao unazibeba vizuri sana mashine za umri huo, ama ununue nyingine. Na hili ndilo la kuangalia kwa makini ukinunua iliyotumika, maana mashine nyingi za ofisi za kizazi cha 6 na 7 zinauzwa rahisi, mwili mzuri, kibodi nzuri, na muuzaji hatakwambia kwamba ziko upande mbaya wa huo mstari. Uliza kizazi cha prosesa kabla hujauliza bei.

Hata kwenye mpya majina yanadanganya. AMD kwa mfano, kwenye namba za 7000 za laptopu tarakimu ya tatu ndiyo inayosema usanifu wa ndani ni wa lini. Ryzen 5 7520U ndani yake ni Zen 2, usanifu wa 2019, 7530U ni Zen 3, na 7540U ni Zen 4, zimekaa rafu moja, zina stika zinazofanana, na aliyenunua ya kwanza anadhani kapata ya kisasa. Intel nao Core 7 150U ya 2024 imejengwa kwa usanifu wa kizazi cha 13, wakati zile mpya kabisa za wakati huo zilikuwa na neno Ultra kwenye jina. Usanifu wa nyuma hauna ubaya wenyewe, ubaya ni kuulipia kama mpya.

Kuhusu NPU, yaani sehemu ya chipu iliyotengwa kwa kazi za akili bandia, na hizi laptopu za akili bandia, Microsoft walianzisha kundi la Copilot+ mwaka 2024, linataka NPU ya operesheni trilioni 40 kwa sekunde na RAM GB 16. Kwa watu wengi ninaowahudumia huduma za akili bandia wanazotumia zinaendeshwa kwenye seva mbali huko, laptopu inaonyesha majibu tu, kwa hiyo mi sikushauri usubiri au ulipe zaidi kwa ajili ya hiyo peke yake. Na zile zenye chipu za Snapdragon betri yake ni nzuri sana, ila hakikisha printa yako na vifaa vyako vya kazi vina dreva (programu ya kukiendesha kifaa) za ARM, ambayo ndiyo aina ya chipu hizo, bila hivyo huenda visifanye kazi.

Binafsi nikinunua huwa nachukua modeli ya mwaka uliopita. Matatizo yake yameshajulikana, apdeti za BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha mashine, zimeshatoka, na vipuri vinapatikana.

Ukishanunua, zile siku za mwanzo ambazo bado unaweza kurudisha ndizo za kuibana. Fungua Task Manager uhakikishe RAM na SSD ndizo ulizoambiwa. Weka skrini nyeupe tupu halafu nyeusi tupu, utafute vidoti vilivyokufa. Chomeka kitu kwenye kila tundu. Fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport, itakutengenezea faili lenye uwezo wa betri kiwandani na uwezo inaojaa sasa, kwenye mpya namba hizo mbili zinatakiwa zikaribiane sana, na kwenye iliyotumika ndipo utakapoona ukweli wa ile betri uliyoambiwa bado mpya.

Na ile ya zamani usiifomati wiki hiyo. Naletewa kesi za watu wengi mno waliohamisha mafolda yote makubwa wakasahau nywila zilizobaki kwenye brauza, au picha zilizokaa kwenye desktopu, au funguo ya BitLocker, ile inayofungua diski iliyofungwa na Windows kwa usalama. Iache pembeni mwezi mzima ikiwa inawaka, kila utakachokikosa kwenye mpya utakifuata huko, halafu mwezi ukiisha ndo uifute.