Thermografia ya infraredi: kusaka jeraha lililofichwa ndani ya kompositi

Spana ikimponyoka fundi na kuangukia bawa la alumini, bati hubonyea na kila mtu ataona. Ikiangukia bawa la kompositi, yaani nyuzi za kaboni zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kugandishwa kwa resini ya epoksi, huenda juu pasionekane kitu, ilhali ndani resini imepasuka na tabaka zimebanduka. Bawa likibanwa na mzigo, tabaka zilizoachana hujikunja kila moja kivyake, na uwezo wa sehemu hiyo kuhimili mgandamizo unaweza kupungua hata kwa nusu. Na hili si la maabara tu: Boeing 787, ambazo Kenya Airways na Air Tanzania wanazirusha, karibu nusu ya uzito wake ni kompositi.

Thermografia ya infraredi hulisaka jeraha hilo kwa kutazama joto la uso. Kila kitu hutoa miale ya infraredi kulingana na joto lake. Macho hayaioni, kamera ya joto huinasa na kuigeuza picha. Ila bawa lililotulia karakanani lina joto lilelile kila mahali, kwa hiyo kamera peke yake haina la kuonyesha. Lazima kwanza litiwe joto.

Njia iliyozoeleka ni ya mmweko. Taa za xenoni huwaka kwa milisekunde chache, uso hupata joto ghafla, kisha kamera hurekodi jinsi unavyopoa. Pasipo na kasoro joto huzama ndani na uso hupoa sawia. Penye mbanduko pana mwanya mwembamba wa hewa, na hewa haipitishi joto vizuri. Joto hukwama juu ya mwanya, na pichani hutokea doa lililobaki na joto kuliko pembeni yake, pengine kwa sehemu ndogo tu ya nyuzi moja ya Selsiasi. Uso ukiwa unang'aa, kamera itaona pia joto la taa na la fundi mwenyewe likiakisiwa. Ndiyo maana mara nyingi hupakwa kwanza rangi nyeusi isiyong'aa.

Muda wa doa kujitokeza hueleza kina chake, maana huongezeka kwa mraba wa kina. Mbanduko ulio milimita 1 ndani ya kompositi ya kaboni huonekana baada ya kama sekunde 2. Ulio milimita 2 huhitaji mara nne ya muda huo. Wakati huohuo joto linakimbilia pembeni kufuata nyuzi za kaboni, upesi kuliko linavyozama, hivyo doa la kina hufika limefifia na kingo hazieleweki. Kwa makadirio ya mafundi, kasoro huonekana vizuri ikiwa upana wake ni walau mara mbili ya kina chake.

Hapo ndipo penye mtego. Madhara ya pigo huanza madogo chini ya mahali palipogongwa, kisha hupanuka kuelekea ndani kwa umbo la koni, na mbanduko mpana kabisa mara nyingi uko karibu na upande wa nyuma. Tena mbanduko wa juu huizuilia joto mibanduko iliyo chini yake. Kwa hiyo doa unaloliona kutoka nje laweza kuwa dogo kuliko jeraha lenyewe. Kwa maoni yangu kazi ya thermografia ni kusaka: hukagua eneo pana kwa mara moja bila kugusa kitu. Doa likipatikana, ukubwa wake upimwe kwa mawimbi ya ultrasoniki, yaani ya sauti isiyosikika kwa sikio, ingawa yanadai jeli au maji na uvumilivu wa kukagua kipande kwa kipande.

Kuna na nyufa ambazo mmweko hauzioni, zile ambazo kingo zake zimefumbana hata hewa haimo. Kwa hizo sehemu hutikiswa kwa mitetemo ya ultrasoniki. Kingo zikisuguana hutoa joto lake zenyewe, na kamera huliona bila taa yoyote.