Sindano ya anti-D na wakati wake

Akina mama wanaoletwa kwenye maabara yetu hapa Bukavu baada ya kuhudhuria CPN (kliniki ya wajawazito), wakiwa na karatasi iliyoandikwa O hasi au A hasi, huniuliza kwanza kama wao ni wagonjwa. Sivyo. Mwenye Rh hasi, ndiyo hiyo “hasi” ya kwenye karatasi, hukosa tu protini iitwayo D juu ya seli nyekundu za damu, na yeye mwenyewe haimdhuru. Shida huzuka mtoto aliyeko tumboni anapoirithi D hiyo kwa baba yake.

Wakati wa kuzaa, mimba inapoharibika, au mama anapoumia tumbo, seli chache za mtoto huweza kuingia katika damu ya mama, na mwili wake ukaziona kuwa ngeni. Hapo hutengeneza kingamwili, yaani protini za kupambana na kitu kigeni. Kingamwili za mwanzo huchelewa kujitokeza, tena ni kubwa mno kupenya kondo la nyuma; ndiyo maana mtoto wa kwanza kwa kawaida husalimika. Katika mimba inayofuata mwili unakumbuka, hutengeneza upesi kingamwili ndogo zinazopenya, nazo huvunja seli nyekundu za mtoto hadi akapungukiwa damu, akavimba, akazaliwa na manjano kali au akafia tumboni. Familia humlaumu mke, nyingine hutafuta mchawi, ilhali kipimo cha kundi la damu kingetosha kuelekeza kwenye chanzo.

Anti-D ni kingamwili hizo hizo, zilizovunwa katika damu ya watu walio nazo. Zikidungwa mapema, huondoa seli za mtoto kabla mwili wa mama haujajifunza kuzitambua, kisha zenyewe hupungua na kutoweka. Ubora wake ulithibitishwa katika miaka ya 1960 na watafiti wa Liverpool na New York. Bila kinga, takriban wanawake 16 kwa 100 wenye Rh hasi waliozaa watoto wa Rh chanya huishia na kingamwili. Sindano ya baada ya kuzaa huwashusha hadi 1 au 2, na ikitanguliwa na ile ya ujauzito, hubaki chini ya 1.

Kwa kawaida hutolewa mikrogramu 300 katika juma la 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kuzaa ikiwa mtoto ni Rh chanya. Aliyechelewa asikate tamaa, kwani hadi siku ya 10 bado hudungwa, ingawa kinga yake huwa pungufu. Inayosahauliwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mimba iliyoharibika baada ya juma la 12, kwa kuwa mama hurudi nyumbani bila mtoto na hakuna anayeuliza kundi lake la damu. Dawa ni ghali, na huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kwa jinsi umeme wetu unavyokatika, muulize mwenye famasi friji yake inategemea nini.

Aliyekwisha kutengeneza kingamwili zake haifai kitu kumdunga. Huyo anahitaji daktari wa uzazi amfuatilie kwa karibu. Kwa hiyo kipimo cha Coombs, kinachotafuta kingamwili hizo katika damu ya mama, hufanywa kabla ya sindano, na tarehe ya sindano huandikwa kwenye kadi ya CPN, maana kwa majuma kadhaa baadaye maabara itazikuta kingamwili za dawa na kumdhania mama kuwa amezitengeneza mwenyewe.